ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO
Wafanyabiashara wadogo na maamuzi ya intaneti

(Mada iliyotolewa kwa viongozi walei na wanajumuiya, Songwa)



Tulipowaarifu kwamba mada ya leo ni intaneti, baadhi yenu mlituuliza kama Tume ya Haki na Amani imeishiwa na mambo ya kuzungumza. Mlisema kwamba hapa Songwa tuna shida ya maji, bei ya pamba, mashamba na mgodi. Intaneti ni habari ya watu wa mjini. Swali hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu kwanza kabla ya kuendelea.

1. TUONE HALI ILIVYO

Tangu Williamson alipogundua almasi Mwadui mwaka 1940, watu wa hapa wameishi kando ya lango la kampuni kubwa. Wengi hawakuajiriwa ndani ya lango. Walijitafutia riziki nje yake: mama muuza maandazi na chai, fundi cherehani, fundi baiskeli, mchuuzi wa dagaa, mnunuzi wa dengu na choroko, kijana wa bodaboda, mchimbaji mdogo mwenye sururu na karai. Mtu mmoja, mtaji mdogo, biashara moja. Hao ndio tunaowazungumzia leo.

Sasa tuwatazame watu hao kwa makini. Mama anayeuza viatu vya mitumba haendi tena Mwanza kila juma. Huletewa picha kwa simu, huchagua, hutuma fedha kwa simu, na mzigo hupakiwa katika basi. Mnunuzi wa choroko huuliza bei ya mjini kwa simu kabla ya kumwambia mkulima bei yake. Wakala wa fedha za simu amefungua kibanda pale ambapo benki haikuwahi kufika. Wengi wa hao hawajapata kutamka neno "intaneti", lakini ikikatika siku moja, sufuria ya jioni hupungua.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Intaneti siyo tena habari ya watu wa mjini. Imekuwa kama barabara na kama mizani ya gulioni. Na penye barabara pana mtu anayeamua ipite wapi, penye mizani pana mtu anayeishika. Swali la haki ni moja tu: je, wanaoitegemea barabara hiyo wana sauti katika maamuzi yake?

Tukumbushane mambo manne yaliyotukia katika miaka ya karibuni.

La kwanza ni usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019. Aliyetaka kubaki na laini yake alitakiwa awe na namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Lengo la kuzuia wizi wa mitandaoni lilikuwa jema. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo laini ndiyo duka, ndiyo sanduku la fedha, ndiyo daftari la wateja. Alisimama foleni siku nzima, biashara imefungwa, kwa sababu ya kasi ya upatikanaji wa vitambulisho ambayo yeye hakuwa na uwezo nayo.

La pili ni kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Aliyetaka kuendesha blogu alitakiwa kulipa ada ya maombi shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000, na tena shilingi 1,000,000 kila mwaka. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na tena mwaka 2022. Lakini tujiulize: aliyekaa na kuandika kiwango kile cha kwanza alikuwa akimfikiria nani? Kampuni yenye ofisi Dar es Salaam ingekilipa bila shida. Kijana wa Shinyanga mwenye simu moja na kalamu moja angelazimika kuuza ng'ombe.

La tatu ni tozo ya miamala ya simu. Ilianza kutozwa tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, juu ya makato yaliyokuwapo. Fedha zile zilikusudiwa kujenga barabara, madarasa na vituo vya afya, na hakuna Mkristo anayekataa madarasa. Lakini mchuuzi huzungusha fedha ileile mara nyingi. Hupokea, hutuma, hupokea tena, na faida yake katika kila mzunguko ni ndogo. Mwajiriwa aliguswa mara chache kwa mwezi. Mchuuzi aliguswa kila siku. Malalamiko yalipozidi, tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba 2021, na mwezi Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Baadaye yakafuata mapunguzo mengine. Tunaishukuru Serikali kwa kusikia. Hata hivyo, mapunguzo hayo yanatufundisha jambo: kama mchuuzi angaliulizwa mwezi Mei, pengine yasingalihitajika mwezi Septemba. Hapa kwetu hatumfahamu hata mmoja aliyeulizwa.

La nne ni kuzimwa kwa intaneti. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Hatuzungumzi hapa juu ya siasa wala juu ya majonzi ya siku zile, ambayo yanastahili mada yake na sala zetu. Tunataja upande mmoja tu. Mtu aliyekuwa amekwisha kulipia mzigo na hakuweza kujua umefika wapi. Aliyekuwa akipokea oda kwa simu na simu ikanyamaza. Hao hawakuwa na pa kudai hasara yao, wala hawakuhesabiwa na mtu yeyote.

2. WANAOAMUA NI AKINA NANI?

Ndugu zangu, watu wengi hudhani kwamba intaneti haina mwenyewe. Sivyo. Inazo meza zinazoamua mambo yake, na tuzitaje ili tuzifahamu.

Meza ya kwanza ni Bunge, linalotunga sheria na kupitisha kodi na tozo. Meza ya pili ni wadhibiti: Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, kwa upande wa mawasiliano, na Benki Kuu kwa upande wa mifumo ya malipo. Meza ya tatu ni ya kampuni zenyewe. Kampuni ya simu hupanga kamisheni ya wakala. Kampuni ya nchi za nje yenye mtandao wa kijamii huamua ukurasa upi ubaki na upi ufungwe. Mama aliyejenga wateja wake miaka mitatu katika ukurasa mmoja aweza kuamka asubuhi akaukuta umefungwa, asijue kosa lake, wala asipate mtu wa kumwuliza kwa lugha anayoielewa.

Meza ya nne iko mbali zaidi, nayo ndiyo isiyojulikana kabisa vijijini kwetu. Kila anwani ya intaneti, kwa mfano ile inayoishia na herufi .tz, husimamiwa kwa utaratibu wa dunia nzima. Utaratibu huo huratibiwa na shirika liitwalo ICANN, lililoanzishwa mwaka 1998 huko California, Marekani. Hapa nchini, kituo cha kusimamia majina ya .tz kilianzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa pande mbili: TCRA na chama cha watoa huduma za intaneti. Mdhibiti alikuwapo, wauzaji wa huduma walikuwapo. Mnunuzi mdogo wa huduma hakuwa mmoja wa waanzilishi hao.

Mwaka 2005 mataifa yalikutana Tunis, katika mkutano mkuu wa dunia kuhusu jamii ya habari. Yalikubaliana kwamba utawala wa intaneti ni kazi ya serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, kila upande kwa nafasi yake. Ni maneno mazuri. Lakini tuulize swali la kijijini: mama muuza maandazi wa lango la Mwadui yumo katika fungu lipi?

3. KWA NINI HAYUMO?

Yeye siyo serikali. Siyo asasi ya kiraia, maana anafanya biashara ili apate faida. Basi wataalamu hujibu kwamba yumo katika "sekta binafsi". Na hapo ndipo shida ilipojificha. Neno hilo moja humfunika mwenye mgodi na mwenye karai, kampuni ya simu na wakala wake kibandani. Wanapoitwa wawakilishi wa sekta binafsi, anayekwenda ni yule mwenye ofisi, mwanasheria na nauli ya ndege. Naye hawezi kumsemea wakala juu ya kamisheni, kwa sababu kamisheni hiyo yeye ndiye anayeilipa. Katika jambo hilo masilahi yao yanapingana, ingawa jina lao ni moja.

Katika ICANN jambo hilo limeandikwa hata katika muundo. Ndani ya baraza linaloshughulikia majina ya jumla ya intaneti, watumiaji wamegawanywa katika mafungu mawili: wa kibiashara na wasio wa kibiashara. Fungu la kibiashara lina wafanyabiashara, wenye haki za ubunifu na watoa huduma za intaneti. Uanachama una ada yake, na vikao vina lugha na muda wake. Fungu lisilo la kibiashara, kwa jina lake lenyewe, si mahali pa mchuuzi. Iko pia kamati ya watumiaji wa kawaida yenye wajumbe 15, lakini kazi yake ni kushauri.

Mnakijua kisa cha popo. Ndege walimwambia, "Wewe una meno, nenda kwa wanyama." Wanyama wakamwambia, "Wewe una mabawa, nenda kwa ndege." Basi mfanyabiashara mdogo ndiye popo wa intaneti. Penye wakubwa wa biashara yeye ni mdogo mno. Penye raia wa kawaida yeye ni mfanyabiashara mno. Hakuna sheria inayomkataza kuingia. Hakuna aliyemfukuza. Ila hakuna kiti kilichowekwa kwa kipimo chake. Wahenga walinena: asiyekuwepo na lake halipo.

Msidhani kwamba watu hao ni wachache. Mwezi Desemba 2018 Serikali ilitoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo kwa wakuu wa mikoa, kila kimoja shilingi 20,000. Watu wa kuhesabiwa kwa malaki hawawezi kuitwa kundi dogo. Udogo wao uko katika mtaji, siyo katika idadi.

4. HISTORIA YETU INATUFUNDISHA NINI?

Wengine watasema kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyo, mdogo hana la kufanya. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna ruhusa ya kusema hivyo, kwa sababu wazee wetu walikwisha kuonyesha vingine.

Zamani za ukoloni, mkulima wa pamba alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyeshika mizani. Mkulima hakujua kusoma namba. Aliambiwa uzito, akapokea fedha, akaenda zake. Wakulima walilalamika miaka mingi kwamba wanapunjwa. Hawakuvunja mizani. Waliwaweka watu wao wenyewe waliojua kusoma, wakasimama kando ya mizani na kuhakiki uzito. Ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, ambao Paul Bomani alikuwa mtendaji wake tangu mwaka 1947, ulikuwa mmojawapo wa vyanzo vya harakati hizo. Ukafuata umoja wa wakulima, vikafuata vyama vya msingi vijijini, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mtu mwenye mfuko mmoja wa pamba akawa na mjumbe, mjumbe akawa na chama, na chama kikawa na kiti mezani.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, nao mnaukumbuka. Wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama na Shinyanga walilia kwa miaka mingi juu ya kodi na juu ya kukosa soko la halali. Tarehe 22 Januari 2019 walikutanishwa na Rais Dkt. John Magufuli huko Dar es Salaam, wakasema wenyewe, kwa Kiswahili chao. Mwezi uliofuata Bunge likabadilisha sheria, na wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Tarehe 17 Machi 2019 soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Miezi miwili tu! Yaliyoshindikana kwa miaka yaliwezekana mara mwenye karai alipopewa nafasi ya kusema.

Lakini historia inatuonya pia. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali. Kiti kilichojengwa kwa jasho kiliondolewa, na viliporudishwa katika miaka ya 1980 havikuwa na nguvu ile ya kwanza. Kiti ambacho wenyewe hawakilindi hupotea. Na kiti cha kupewa kwa hisani ya kiongozi mmoja, hata awe mwema namna gani, huweza kuondoka pamoja naye. Kinachodumu ni kiti kilichoandikwa katika sheria na kuketiwa na mtu aliyechaguliwa na wenzake.

5. TUAMUE KWA NURU YA IMANI

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa zamani zake waliopunguza kipimo na kuchezea mizani ili kumnunua maskini. Hakuishia kuwataka maskini wavumilie. Aliitazama mizani yenyewe. Nasi tukiwaambia wachuuzi wetu wasali tu, bila kuitazama mizani ya leo, tutakuwa tumemsoma Amosi kwa jicho moja.

Aidha, Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yanayo kanuni ya auni, iliyoelezwa waziwazi na Papa Pio XI mwaka 1931. Maana yake ni kwamba jambo linaloweza kufanywa na walio chini lisinyang'anywe na walio juu. Na walio juu wapo ili kuwasaidia walio chini, siyo kuwafuta. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika intaneti, likaonya juu ya pengo kati ya walio nayo na wasio nayo. Sisi tunaongeza kwamba pengo haliko katika kuipata tu. Liko pia katika kuiamulia.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kila mchuuzi ni mnyoofu. Wako wanaouza bidhaa bandia mitandaoni, wako wanaopokea fedha na kutoweka. Sheria ni lazima. Wala hatusemi kodi isilipwe. Tunasema kwamba sheria inayomgusa mtu itungwe naye akiwa anasikika, kwa sababu yeye ndiye anayejua inapobana.

6. TUTENDE

Tunapendekeza mambo matano, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu.

(a) Tuandike. Kila jumuiya iwe na daftari. Mtu akikatwa fedha asizozielewa, laini ikifungwa, ukurasa ukipotea, iandikwe tarehe, kiasi, na jibu alilopewa. Lalamiko lisiloandikwa hupeperuka na vumbi la gulio.

(b) Tuungane. Wafanyabiashara wa gulio moja waunde umoja wenye katiba na viongozi wa kuchaguliwa, kisha wajiunge na vyombo vilivyopo, kama vile Shirikisho la Umoja wa Machinga au chama cha wachimbaji. Mtu mmoja hapati kiti, umoja hupata. Kanisa litoe ukumbi na semina, lakini lisiwe mwenyekiti.

(c) Tubishe hodi palipo na mlango. Sheria ya TCRA ya mwaka 2003 ilianzisha Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, nayo inataja kamati za watumiaji mikoani na watu wa kipato cha chini na wa vijijini. Mlango huo ni wetu kwa mujibu wa sheria. Tuandike barua, tuulize kamati ya mkoa wetu imefikia wapi, na tupendekeze kwamba mchuuzi awemo kama mchuuzi, siyo kama mteja tu.

(d) Tuwahi. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau kabla muswada haujapitishwa. Muda huo ni mfupi, na bajeti husomwa mwezi Juni. Maoni yetu yawe yamefika kwa mbunge mwezi Mei, yenye hesabu za daftari letu.

(e) Tuombe kusikilizwa kwa lugha yetu. Kikao cha dunia cha majadiliano ya utawala wa intaneti kilifanyika Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. Kile cha Afrika kilifanyika Dar es Salaam mwezi Mei 2025. Vikao hivyo viko wazi kwa watu wote. Lakini toka hapa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000, na mchuuzi akifunga kibanda siku nne amekula mtaji. Tuwaombe waandaaji wa kikao cha taifa waje na huku mikoani, siku isiyo ya gulio, na kisemwe Kiswahili.

7. HITIMISHO

Ndugu wapendwa, wazee wetu hawakuwa wataalamu wa mizani. Walijua tu kwamba mzigo ni wao, wakamtafuta mtoto wa kijiji ajuaye kusoma, wakamsimamisha pale. Mtoto huyo leo mnaye nyumbani. Ndiye anayewasomea ujumbe wa simu jioni. Kesho asubuhi, kabla hajaenda shule, mpeni daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani ambaye riziki yake inategemea simu? Ikizimwa siku tatu, anapoteza nini?
2. Je, kuna aliyepata kulalamika kwa kampuni au kwa mamlaka? Alijibiwaje?
3. Katika gulio letu upo umoja wa wafanyabiashara? Viongozi wake walichaguliwa na nani?
4. Kama tungepewa kiti kimoja, tungemtuma nani, na angesema jambo gani la kwanza?